Dobi wa Kator na Koti Lisilo na Mtu

Kila nguo iliyoingia kwa Jovia ilitoka na alama. Ilikuwa alama ya uzi, mishono miwili mitatu ndani ya ukosi, mahali pasipoonwa na mtu ila mwenye nguo. Mwalimu Konga alikuwa na vidoti vitatu vya kijani, kwa sababu siku alipoleta shati lake la kwanza alikuwa na watoto watatu. Sasa ana sita, lakini kwa Jovia alama haibadilishwi. Padri mmoja alikuwa na msalaba mdogo mweupe. Fundi mmoja wa baiskeli, mpenzi wa pombe, alikuwa na chupa. Fundi hakuwahi kujua kuwa ile ni chupa. Alidhani ni mnara wa kanisa, na Jovia hakuona haja ya kumsahihisha.

Alama zote ziliandikwa katika daftari lenye jalada jeusi, pamoja na tarehe, rangi ya nguo, vifungo vilivyokosekana, na kila kitu kilichokutwa mfukoni. Katika miaka yote aliyofulia watu Juba hajapoteza hata soksi moja. Mtu akimsifu, humwita ssebo, yaani bwana kwa lugha ya kwao, akajibu, "Soksi haipotei, ssebo. Anayepotea ni mwenyewe."

Alitoka Masaka, kule Uganda, mwaka ule nchi hii ilipopandisha bendera yake, akiwa na pasi ya mkaa, mabeseni mawili na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Pearl, sasa anasoma shule ya bweni huko kwao, na ndiye aliyempa mama yake jina analoitwa na mtaa mzima: Mama Pearl. Miaka ya mwanzo Jovia alifulia bandarini. Wateja wake walikuwa watu wa matishari, zile meli bapa za chuma zinazoshuka na mto kuelekea kaskazini. Wanaume waliokaa wiki tatu juu ya maji wakarudi na mashati yanayoweza kusimama yenyewe. Baadaye alihamia Kator, nyuma ya kanisa kuu, akapata kibanda cha mabati chenye kamba tatu za kuanikia na jirani mmoja wa ukuta kwa ukuta, Peace, muuza chai.

Peace alizaliwa Yei na kukulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani. Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi na wachuuzi, na ulimi wake aliunoa mwenyewe. Yeye ndiye aliyesoma ilani kwa sauti siku ilipoletwa, maana Jovia alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Ilani ilitoka ofisi ya kodi. Ilisema kwamba Jovia wa Kator ni mmiliki wa tishari la kubeba mizigo mtoni. Kwamba hajawahi kuleta hati ya chombo wala cheti cha usalama majini. Na kwamba kumbukumbu zake zisiporekebishwa, Ijumaa ya wiki ya pili biashara yake itafungwa kwa kufuli na kubandikwa karatasi nyekundu.

Peace alishusha karatasi polepole. "Mama Pearl," akasema, "wewe una meli, na mimi unaniacha natembea kwa mguu?"

Jovia hakucheka. Ndani ya kibanda kulikuwa na nguo za watu arobaini na mmoja, likiwemo gauni jeupe la bibi harusi wa Jumamosi inayofuata Ijumaa hiyo hiyo. Kufuli likiwekwa, gauni litabaki ndani na bibi harusi atabaki nje. Na karatasi nyekundu ikishaonekana mlangoni mwa dobi, nani tena atamletea hata kitambaa cha jasho?

Chini ya ilani palikuwa na namba ya simu ya kuuliza maswali. Jovia alinawa mikono, akapiga. Sauti tamu ya mwanamke ikamkaribisha, ikamtaka abonyeze moja kwa Kiingereza, mbili kwa Kiarabu. Akabonyeza moja. Muziki ukapigwa. Kisha sauti ikasema kwamba wahudumu wote wanahudumia wateja wengine, aendelee kusubiri. Akasubiri mpaka mkaa wa pasi ukawa majivu. Simu ikakatika.

Alipiga mara kumi na tisa katika siku tatu, na kila mara aliandika saa daftarini. Siku moja alibonyeza mbili, ingawa Kiarabu chake ni cha sokoni tu, ili aone kama upande wa pili kuna mtu. Muziki ulikuwa ule ule.

"Hao wateja wengine ni nani?" Peace aliuliza. "Mimi nauza chai kwa Juba yote. Sijapata kukutana na hata mmoja."

Basi Jovia akaenda kwa miguu. Alielekezwa mlango namba tisa, na nje ya mlango huo, kwenye benchi, alikaa mlinzi aitwaye Gune, mzee mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake.

"Mzee, nataka mtu wa kusahihisha kumbukumbu."

"Huyo ni Ustaz Semei," Gune alisema. "Iko ndani."

Jovia alichungulia. Aliona meza, rundo la mafaili, na kiti. Mgongoni mwa kiti lilining'inia koti la rangi ya kijivu.

"Mzee, mimi naona koti."

"Ndiyo. Koti iko, basi yeye iko. Amezunguka kidogo tu. Rudi bukra."

Bukra maana yake kesho, na Jovia ni mtu wa kulichukua neno kama lilivyo. Alirudi kesho. Koti lilikuwepo, Ustaz alikuwa amezunguka. Alirudi keshokutwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hao hawakufika mlango namba tisa, ambako asiyekuwepo lake lipo, limetundikwa kitini, na kila mkubwa anayepita ukumbini hulitupia jicho, akaridhika kwamba kazi inaendelea.

Safari ya tano, Gune alipokwenda kutafuta maji ya kunywa, Jovia aliingia akasimama karibu na kiti. Hakugusa kitu. Alitazama tu, kwa jicho la mtu aliyesoma nguo maisha yake yote kama wengine wanavyosoma magazeti. Mabegani palikuwa na vumbi la unene wa ukucha. Upande wa kushoto, ulioelekea dirisha, rangi ilikuwa imepauka; upande wa kulia ilikuwa bado nzima. Ndani ya mkono wa koti, nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo yenye vyumba vinne, na vitatu vilishahamwa.

Jovia alitoka nje, akaketi benchi moja na Gune, aliyekuwa amesharudi.

"Mzee Gune, koti lile halijavaliwa na mtu tangu kabla ya mvua."

Gune alishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi. "Mama, mimi nalinda mlango. Koti sikupewa kulinda."

Maneno hayo Jovia aliondoka nayo. Alitembea nayo mpaka Kator, akalala nayo, na Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kufuli, alikuwa ameshaelewa kazi yake. Alichukua mfuko wake wa kukusanyia nguo chafu, kitabu cha vikaratasi vya wateja na pini.

Gune alimwona akija na mfuko. "Leo umekuja kuhamia?"

"Nimekuja kuchukua koti la Ustaz Semei likafuliwe."

"Yeye amekutuma?"

Jovia hapendi kusema uongo, hasa siku za kazi. "Mzee," akasema, "koti likifika hali ile, linajituma lenyewe."

Gune alifikiri sana. Kisha akainuka, akageuka, akaanza kuutazama ukuta kwa makini, kama mtu aliyeona ufa. Jovia akaingia. Alilikung'uta koti dirishani, akawaomba nyigu radhi, akalikunja ndani ya mfuko. Mahali pake, mgongoni mwa kiti, alibandika kikaratasi kwa pini: *Koti moja, kijivu. Limechukuliwa na dobi wa Kator. Likiwa tayari utapigiwa, au piga mwenyewe.* Chini akaandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa.

Nyumbani, kabla ya kulitia majini, alipekua mifuko kama kawaida. Alitoa njugu tatu, kalamu isiyo na wino, funguo, na kitu kizito kilichoviringishwa kwa leso. Alifungua leso. Peace, aliyekuwa akimimina chai, alisahau kikombe kikafurika.

Kilikuwa muhuri. Muhuri wa ofisi ya kodi, wa duara, na kidau chake cha wino wa zambarau.

"Mama Pearl," Peace alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Mungu amekuletea ofisi nyumbani. Andika barua: huyu mama hana meli. Piga muhuri. Khalas!"

Jovia aliushika muhuri. Ulikuwa baridi, na mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu. Alifikiria lile gauni jeupe. Alifikiria pia jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, na kwamba hakuna mtu duniani angejua ila yeye, Peace na kuku.

"Mfuko wa mtu ni nyumba yake," akasema mwishowe. "Dobi anaingia, anahesabu, anatoka." Akauviringisha tena kwenye leso, akautia katika bahasha pamoja na funguo, kalamu na njugu, na daftarini akaandika: muhuri mmoja, wino, funguo mbili, kalamu moja, njugu tatu.

"Njugu ungekula angalau," Peace alisema kwa huzuni.

Kule ofisini, kwa maelezo ya Gune baadaye, mambo yalikwenda hivi. Saa tatu na nusu mkubwa wa ofisi alipita ukumbini, akatupa jicho kama desturi yake, na kwa mara ya kwanza akaona kiti kikiwa uchi. Akasimama. Akauliza, "Semei iko wapi?" Swali hilo halikuwa limeulizwa na mkubwa yeyote kwa miezi mingi. Watu wawili wakatoka mbio kwa boda. Wananchi walimtafuta Semei msimu mzima wasimpate. Koti lilipoondoka, alipatikana kabla chai ya saa nne haijapoa.

Simu ya Jovia iliita saa nne na dakika kumi. Namba ngeni. Alimtazama Peace, Peace akamtazama, na shetani mdogo akapita katikati yao.

"Karibu kwa dobi wa Kator," Jovia alisema kwa sauti tamu ya puani. "Kwa mashati, bonyeza moja. Kwa suruali, bonyeza mbili. Kwa makoti yaliyotoka ofisini, usibonyeze kitu. Subiri."

"Halo? Mama?"

Jovia akaanza kuimba wimbo wa Jumapili, polepole, bila maneno. Peace akampigia kijiko kwenye birika.

"Mama, nasikia wewe unaimba."

"Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine."

"Wateja gani? Hapo nasikia kuku!"

"Huyo kuku ni mteja mwingine!" Peace alidakia.

Upande wa pili mtu akacheka, kicheko cha kuchoka kilichotoka bila kutaka. "Malesh, mama, malesh. Nisamehe. Mimi ni Semei. Koti ni yangu."

Jovia aliacha kuimba. "Semei mwenyewe? Mtu hai?"

"Hai, mama. Kwa leo."

"Ngoja, ssebo, nikae chini."

Semei alitaka kutuma boda. Jovia akamwambia koti lenye maji halipandi boda, aje mwenyewe. Alikuja kabla ya adhuhuri, mtu mwembamba mwenye miaka hamsini hivi, akihema. Jambo la kwanza aliloliona Jovia ni unga wa mbao kwenye pindo za mikono ya shati lake.

"Wewe unapasua mbao, Ustaz."

Semei aliangalia mikono yake kana kwamba imemsaliti. "Kwa binamu yangu, mtaa wa Atlabara. Mama, mshahara wetu unatembea kwa magoti. Nyumbani tuko watu saba, na watu saba hawali koti. Mkubwa mwenyewe anajua. Lakini koti ikiwepo hakuna anayelazimika kuuliza." Akatupa jicho kwenye kamba. "Mifukoni... kulikuwa na kitu?"

"Kila kitu kipo, kimeandikwa. Muhuri pia."

Mtu huyo aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, akafunga macho. "Niliuficha humo ili mtu asiupige bila mimi," akasema.

"Umefanya vizuri sana. Hata wewe hukuupiga."

Kisha Jovia akaweka ilani mapajani mwake. Semei aliisoma mara mbili. Akainua macho, akatazama kamba tatu, mabeseni, pasi, gauni jeupe.

"Tishari?" akauliza.

"Hilo ndilo swali langu, Ustaz. Nimebeba swali hili siku kumi na moja."

Walikwenda pamoja ofisini, Jovia na bahasha yake kwapani. Gune alipowaona wakiingia wote wawili alisimama akavua kofia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Semei alifungua kabati kwa funguo zilizotoka katika bahasha, akashusha daftari kubwa la usajili, la zamani, lenye kurasa zilizovimba kwa unyevu. Walilipekua mpaka ukurasa wa bandarini. Jina la Jovia lilikuwa mstari wa ishirini na tatu. Mstari wa ishirini, chini ya neno Kazi, kulikuwa kumeandikwa vizuri: mmiliki wa tishari. Chini yake, mpaka mwisho wa ukurasa, hapakuwa na maneno tena, bali vile vistari viwili vidogo ambavyo watu wa ofisi huvitia wakichoka kuandika, maana yake: kama hapo juu.

Semei alisogeza uso karibu na karatasi. "Mkono huu ni wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nakumbuka. Hema moja, mvua inakuja, watu wamejaa, na watu wa matishari walikuwa mbele. Nikasema basi, wote watakuwa hao."

"Hukuinua macho, Ustaz. Nilikuwa na beseni kichwani."

Mwaka huu, akaeleza, daftari lilikuwa limeingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta haijui uchovu: kila penye vistari iliandika tishari. Jovia alipohamia Kator alitoa taarifa, na ofisi ikabadilisha makazi yake sawasawa kabisa. Ilisahau tu kumshusha kwenye meli.

Kidole cha Semei kiliteremka mstari mmoja, kikasimama. "Huyu Wiyual hapa chini yako. Si ndiye yule wa mayai ya kuchemsha?"

"Ndiye."

"Khalas," Semei alisema, akashika kichwa. "Mtu wa mayai nimempa meli."

Alikata vistari kwa kalamu, akaandika dobi. Akaandika barua ya mistari minne. Kisha akanyoosha mkono, na Jovia akafungua leso, akampa muhuri. Ulipotua mezani ulitoa mlio wa kofi, na Gune, kule nje, akasema, "Ehee!"

Ijumaa saa mbili walikuja watu watatu kwa pikapu, na kufuli, na karatasi nyekundu imeshapakwa gundi. Mkubwa wao alisimama mbele ya kibanda na orodha yake, akageuza shingo huku na huku.

"Tishari iko wapi?"

Peace alinyoosha kijiko kuelekea beseni kubwa kuliko yote. "Lile pale, ya zol, bwana wangu. Ila lenyewe maji yake yako ndani."

Jovia alitoa barua. Mtu yule aliisoma, akaunusa wino, akaupangusa muhuri kwa kidole kuona kama unatoka. Haukutoka. Alibaki na karatasi yake nyekundu mkononi, inagandamana na vidole, hajui pa kuiweka. Mwishowe aliibandika ndani ya mlango wa pikapu yao wenyewe, kisha akauliza kama pale hufuliwa sare pia. Saa tano gauni jeupe lilitoka, limenyooshwa, begani kwa dada wa bibi harusi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Semei alikuja kuchukua koti lake. Lilikuwa limerudi rangi moja, au karibu moja. Alilivaa, akanyoosha mabega, na kwa muda akawa mtu wa ofisi kweli. Kisha, kama wateja wote wa Jovia, alikunjua ukosi kutafuta alama yake. Palikuwa na mishono miwili mifupi ya uzi wa zambarau, imesimama sambamba.

"Hii ni nini, mama?"

"Kama hapo juu, Ustaz."

Peace alicheka mpaka birika likafurika, likazima jiko. Semei naye alicheka, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Jumatatu koti lilikuwa ofisini tena, na Gune anaapa kwamba mara hii lilikuwa na mtu ndani, mpaka saa nne. Saa nne mtu alitoka, koti likabaki, maana watu saba bado hawali koti. Lakini siku hizi ukifika mlango namba tisa ukamuulizia Ustaz Semei, mzee Gune hakuonyeshi kiti. Anakuelekeza Kator, nyuma ya kanisa kuu, kwa dobi. Namba ya simu ya Semei anayo Jovia, katika daftari jeusi, mbele ya vistari viwili. Anampigia hapo hapo, na Semei huitika kabla simu haijaita mara ya pili, kwa kuogopa wimbo.